Shikamoo ya Mtani

Anastazia aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka la Costancia, akasimama kwanza kabla ya kufungua begi la dawa. Si baiskeli iliyomchosha. Mabwerebwere, hapo hapo Kilosa, si mbali, na tairi zilikuwa bado nzima. Watu ndio waliomchosha. Asubuhi hiyo alikuwa ameshamgeuza mama mmoja mwenye vidonda vya mgongo, amemwosha kijana aliyebaki mifupa mitupu, na amekaa na bibi aliyekuwa akimwuliza kila mara kama mwanawe ataamka. Mwanawe hakuamka. Sasa ilikuwa zamu ya Mzee Gabrieli, ambaye hakuwa na kidonda wala harufu, na ndiye aliyemchosha kuliko wote.

Ajabu ni kwamba miezi michache nyuma nyumba hii ilikuwa pumziko lake. Alikuwa akiiacha mwisho makusudi, kama mtoto anavyobakiza kipande cha nyama pembeni ya sahani, ili amalizie siku kwa kucheka. Mzee Gabrieli alikuwa Mhehe. Ujana wake wote aliumalizia kwenye reli, akitengeneza njia ya tawi lile liendalo Kidatu kupitia Mikumi, mpaka shirika lilipoanza kupunguza watu na yeye akapunguzwa. Anastazia alikuwa Mngoni, mzaliwa wa kambi ya mkonge kule Kimamba, ambako baba yake aliletwa kutoka Songea kama manamba. Na Mngoni na Mhehe, kama ajuavyo kila mtu aliyelelewa vizuri, ni watani. Mababu zao walipigana vita hadi wakachoka, hakuna aliyeshinda, na hadi leo kila upande unasema wa pili ndio uliokimbia. Kilichobaki ni haki moja: mtani humwambia mtani wake lolote limjialo mdomoni, na anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Kwa hiyo Anastazia, ambaye asingethubutu kumpita mzee mwingine yeyote bila shikamoo, alikuwa akiingia kwa Mzee Gabrieli akinusa nusa hewani na kuuliza mbwa wa jirani yuko wapi, isije ikawa mgonjwa kapikiwa mchuzi wake, maana Wahehe hutaniwa kuwa wanakula mbwa. Mzee naye alimjibu kutoka kitandani kwamba mateka hawaulizi maswali, mateka hupiga magoti. Alimkumbusha kwamba Wangoni walikuja wakikimbia kutoka kusini huko, wakakimbia mpaka pumzi zikawaishia Songea, ndipo wakadai wamefika. Anastazia alimwuliza atakufa lini wagawane sufuria. Costancia, binti wa mzee, alicheka kule dukani mpaka akakosea kupima sukari. Na katikati ya matusi hayo mzee aligeuzwa, akaogeshwa, akabadilishwa mpira wa mkojo, bila hata kuona haya.

Kisha majibu yakaja kutoka Dar.

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji, mashamba ya mkonge yakibadili wenyewe, na hospitalini mgonjwa akitakiwa aje na glovu zake. Aliyegharamia safari ya Dar alikuwa Bryson, kitinda mimba wa mzee, aliyekuwa na gesti na gereji pale Mikumi kwenye barabara kuu ya malori. Alikuja na pikapu yake, akamwamkia Anastazia kwa adabu, akamwita nyuma ya duka penye makreti ya soda. Alimweleza kwamba ni kansa ya tezi dume, imeshaingia kwenye uti wa mgongo, na madaktari wamesema warudi nyumbani. Akasema mzee ameambiwa ni mgongo tu, kazi ya reli ile, na kwamba mvua zijazo zikiisha watamrudisha Dar kwa upasuaji.

"Mama, naomba asijue," alisema. "Akijua atakata tamaa, afe kabla ya siku zake."

Anastazia alikuwa na majibu. Kwenye semina Morogoro waliwafundisha siku nzima namna ya kuzungumza na familia za namna hiyo. Lakini alimtazama kijana yule mwenye shati safi na macho yaliyokosa usingizi, akaona kwamba kumbishia kungechukua jioni nzima, na nguvu za jioni nzima hakuwa nazo. Akakubali. Ndivyo ilivyokuwa, wala tusimpambe: alikubali kwa uchovu.

Kesho yake aliingia chumbani na utani haukutoka. Angemwulizaje mtu atakufa lini, wakati yeye anajua na mwenyewe hajui? Angemtajiaje sufuria? Alisimama pale mlangoni na begi lake, ulimi mzito, kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Shikamoo, mzee."

Mzee Gabrieli alimwangalia kwa muda mrefu.

"Marahaba," akasema, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo ikawa shikamoo na marahaba, umelalaje, nimelala salama, maumivu yakoje, si haba. Dawa ilikuwepo. Hospitali ya misheni iliyomwajiri Anastazia ilikuwa imeanza kupata mofini ya maji, na alimpimia mzee kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akamfundisha Costancia ampe kila baada ya saa nne, asisubiri mpaka mzee akunje uso. Mgongo ulitulia, lakini mzee aliacha kula. Uji ulirudi jikoni na utando juu. Costancia alikuwa akilia chini chini akisema labda anapika vibaya.

Kitu kimoja tu ndicho mzee alichokuwa akikiomba: arudishwe Mikumi. Pale Mikumi alikuwa na nyumba yake ya matofali ya kuchoma, si mbali na reli, na nyuma ya nyumba ndiko alikozikwa Teresia, mkewe. Kilosa aliletwa kwa ajili ya hospitali ya wilaya tu. Chumba hiki kilikuwa cha binti yake, kikinukia sabuni na mafuta ya taa ya dukani. Alitaka kulala kwake. Kila alipolitaja, Costancia alimpigia Bryson simu na kumwekea mzee sikioni, na hata aliyekaa mlangoni aliweza kusikia kijisauti kikitoka mle: "Ukipona, baba. Ukipona tu, nakuja kukuchukua mwenyewe."

Ukipona. Neno zuri kweli, ungedhani ni la upendo, na lilikuwa la upendo. Lakini wiki zilipita nyuma ya neno hilo, na mzee aliyekuwa akikaa kitandani mwenyewe akawa wa kukalishwa, na wa kukalishwa akawa wa kulazwa. Anastazia aliliona kila siku. Kila siku alikasirika, na kila siku akapanda baiskeli akaenda zake.

Sasa siku hiyo aliyoegemeza baiskeli ukutani aliingia, akaamkia, akaitikiwa. Costancia alikuwa anahudumia wateja. Anastazia alimpa mzee dawa, akamwaga mkojo, akamsogeza mto chini ya magoti. Alipokuwa anafunga begi, mzee akasema:

"Mngoni."

Hakuwa ameitwa hivyo muda mrefu. Aligeuka.

"Nimekukosea nini mimi?"

Anastazia akasema hajamkosea kitu.

"Basi mbona unaniamkia?"

Alibaki ameshika zipu ya begi.

"Umeingia humu ndani miezi na miezi ukinitukana," mzee alisema. Alisema polepole, akipumzika katikati. "Siku moja ukaingia na shikamoo. Nikasema, haya, majibu ya Dar yamefika. Mtani hamwogopi mtani wake bure. Bryson anahangaika kunificha, maskini, na wewe ulikwishaniambia siku ile ile."

Anastazia alikaa chini, kwenye mkeka, si kwenye kiti. Aibu ilimshika mwili mzima. Alidhani ametunza siri ya watu, kumbe alikuwa ameitangaza pale mlangoni na begi lake mkononi. Na kibaya zaidi, baada ya kuitangaza alimwacha mzee peke yake nayo. Wiki zote hizo mzee alikuwa amelala akitazama ukuta, anajua, na hana wa kumwambia, kwa sababu watoto wake wanasema ukipona, na mtani wake, mtu pekee aliyepewa ruhusa na mababu kulisema lile jambo, alikuwa anamwuliza amelalaje.

"Nijibu," mzee alisema. "Lakini sitaki jibu la nesi. Nesi sina shida naye. Nataka la Mngoni. Nitapona?"

Yale ya semina yalikuwepo kichwani, yamepangwa vizuri. Anastazia aliyaacha. Alitazama ukutani, mahali ambapo koti la reli la mzee lilikuwa limetundikwa msumarini, koti zito la buluu lenye vifungo vya shaba, ambalo alikataa kulirudisha siku alipopunguzwa.

"Koti lile ni langu," akasema.

"Lipi?"

"Lile pale. Siku ya kukuzika nisipopewa lile, naingia kaburini nalala. Na hakuna Mhehe wa kunitoa. Tangu lini Mhehe akamtoa Mngoni mahali?"

Mzee aligeuza macho akalitazama koti. Halafu kifua cha mzee kikaanza kutikisika. Alicheka kicheko kisicho na sauti, kikamuumiza mgongo, akakunja uso na bado akacheka, machozi yakimtiririkia masikioni kwa vile alivyolala chali.

"Litakubana," alisema alipopata pumzi. "Nyinyi mabega yenu yalipanuka kwa kutubebea mizigo."

Ndipo wakazungumza. Mzee alisema anataka kufia kwake, na aende wakati bado anautambua mlango. Alisema yuko tayari kwa maumivu ya njiani ilimradi afike. Kisha akataka jambo la pili, na hapo akamshika Anastazia mkono, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Siku ya kunizika usimhurumie mwanangu," alisema. "Huyo hajui kulia. Alipokufa mama yake alihangaika na maturubai na sufuria za wageni mpaka matanga yakaisha, na hadi leo hajalia. Mtukane mpaka alie."

Bryson alikuja mwisho wa wiki. Alipoambiwa alikasirika, akasema kwa sauti ya chini, mbele ya yale makreti, kwamba walikubaliana. Anastazia akamwambia ni kweli walikubaliana, na kwamba mzee amejua kwa makosa yake yeye Anastazia, lakini amejua zamani. Bryson akatembea akaenda akarudi. Hatimaye akatoa lililokuwa moyoni. Alisema watu wa Mikumi wanamjua kuwa ana hela. Akimtoa baba yake karibu na hospitali, akafia njiani, watasema mtoto amechoka kumtunza baba, ameona heri amalize. Alisema hivyo na sauti ikamkatika, akakohoa kuificha.

Anastazia alimwonea huruma. Alitaka kumwambia kwamba watu watasema tu, hata ukimlaza baba yako kwenye pamba, lakini alikuwa amechoka, akamwonyesha mlango wa chumba kwa kidevu.

Bryson aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, ukipona..." alianza.

"Anza na ukifa," mzee alisema.

Bryson alikaa kidogo akitazama viatu vyake. Kisha alitoka bila kuaga, akaingia kwenye pikapu, akafunga mlango. Costancia alidhani ameondoka kwa hasira, lakini gari halikuwashwa. Alikaa humo jua lote la mchana, vioo vimepandishwa. Aliposhuka, shati limelowa jasho, akauliza godoro lipi litaenea nyuma ya gari.

Lakini mvua hazikumsubiri. Zilishuka usiku huo huo, na barabara ya Mikumi ikakatika kwenye kijiji kiitwacho Ulaya, malori yakanasa, na ikabidi wangoje. Mzee naye akangoja. Wiki chache nyuma angekaa mbele kwenye gari kama mtu, mkono dirishani, akiwapungia watu wa vijijini wanaomfahamu. Barabara ilipopitika alipakiwa nyuma, juu ya godoro, chini ya turubai, kama mzigo. Bryson ndiye aliyekuwa akiendesha, na kila kwenye shimo alisimamisha gari kabisa kabla ya kulishuka, kisha akateremka kuchungulia nyuma.

Anastazia alikaa pembeni ya godoro na chupa ya mofini kifuani, ndani ya kanga, isije ikavunjika. Alikuwa amempa mzee dozi ya kutosha kabla ya safari na akamwongezea njiani. Mzee alisinzia na kuamka. Alipoamka aliuliza wako wapi, na kila alipotajiwa mahali alisimulia kitu kimoja cha reli: hapa daraja lilisombwa, hapa tulimkuta simba kalala kwenye mataruma, hapa ndipo nilipopata barua ya kuzaliwa kwa Costancia. Maneno mengine yalikuwa hayaeleweki. Anastazia aliitikia yote, akimwongezea kwamba hilo daraja lilisombwa kwa sababu lilijengwa na Wahehe.

Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Walimbeba na godoro lake, wanaume wanne, na kwenye kizingiti mzee akanyoosha mkono akagusa fremu ya mlango. Akataka asiingizwe kwanza. Wakamlaza barazani upande wa nyuma, anakoweza kuliona kaburi la Teresia, na msalaba wake, na nyasi ambazo Bryson alikuwa amezifyeka siku ile ile. Mzee alilitazama. Alisema tu kwamba nyasi zimekatwa vibaya. Jioni alikunywa uji, bakuli zima, na Costancia akaenda kulilia jikoni.

Anastazia aliikabidhi dawa kwa nesi mmoja wa zahanati ya Mikumi aliyesoma naye semina, akarudi Kilosa na lori la mbao. Wengine walikuwa wanamngoja. Kulikuwa na yule mama wa vidonda vya mgongo, na yule bibi ambaye mwanawe hakuamka, na ambaye sasa alikuwa anaumwa mwenyewe.

Siku zilikuwa chache. Mzee Gabrieli alifariki alasiri moja, pale pale barazani, Costancia akiwa anachambua mchele karibu yake. Habari zilimfikia Anastazia kwa simu ya dukani. Aliposikia alifurahi, ndiyo, alifurahi kwamba amefia kwake, halafu akataka kulala tu, alale siku mbili. Magoti yalikuwa yanamuuma. Lakini mtani hatumi salamu za rambirambi. Alifunga kibwebwe, akapanda basi.

Msibani alimkuta Bryson kama alivyotabiriwa. Alikuwa mahali pote. Alikuwa kwenye maturubai, kwenye mapipa ya maji, kwa wachimba kaburi, kwa katekista, simu sikioni, shati safi, macho makavu. Alimwona Anastazia, akaja haraka.

"Shikamoo, mama. Pole na safari. Umeshapewa chai?"

Anastazia akaitikia. Alimtazama, akaona namna alivyokonda, akawaza kumwacha. Nani angejua? Aliyemwagiza alikuwa sandukuni. Kisha akakumbuka siku aliyoingia na shikamoo kwa sababu ya huruma, na kile ambacho huruma ile ilimfanyia mzee.

Jeneza lilipofikishwa kando ya kaburi, kabla kamba hazijashikwa, Anastazia aliwasukuma wanaume wawili, akakaa ukingoni, akajishusha ndani. Alishuka vibaya, magoti yakalia. Akajilaza chali kwenye udongo mbichi.

"Sitoki," akapaza sauti. "Nadai koti langu. Bila koti, huyu Mhehe wenu mrudisheni Kilosa, hapa hazikwi."

Watu wakaangua kicheko, wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wa Kihehe wakamtukana kutoka juu, wakamrushia vishilingi ili atoke, akavirusha nje. Walisema mfukieni hapo hapo. Akina mama waliokuwa wamelia tangu alfajiri walijishika mbavu. Katikati ya vicheko hivyo, Anastazia akaweka kiganja sikioni kama mtu anayeongea na simu, akatafuta sauti ya Bryson, akaipata.

"Ukipona, baba," akasema. "Ukipona tu, nakuja kukuchukua mwenyewe. Ukipona, baba, tutakuzika."

Vicheko vikapungua. Akaongeza, na hii hakuwa ameipanga, kwa sauti yake mwenyewe, ile nyembamba ya mlangoni:

"Shikamoo, mzee. Umelalaje?"

Hapo yeye mwenyewe hakuweza kuendelea. Alilala akitazama kipande cha anga kilichokatwa mraba juu yake. Alimwona Bryson ukingoni, simu imening'inia mkononi. Kumkasirikia mtani msibani hawezi, ni mwiko, kila mtu anajua, na yeye pia alijua. Uso wake ulifanya kama unatafuta pa kwenda. Akageuka, akaondoka.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba Mngoni leo amezidi. Anastazia, kule chini, alianza kuamini hivyo. Udongo ulikuwa baridi mgongoni na alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuona vibaya kubaki pale.

Kisha Bryson akarudi. Alikuwa amelikumbatia koti la reli kwa mikono miwili, kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Alisimama juu ya kaburi, akafungua mdomo kusema kitu, kikatoka kilio, kilio kikubwa cha mtoto, cha baba na cha mama yake pamoja, kilichokaa miaka mingi bila kutolewa. Hakuna aliyemnyamazisha. Wazee walishika kofia zao wakangoja. Alilia mpaka akainama, akashika magoti, na koti likagusa udongo.

Alipoweza kusema alifuta uso kwa mkono wa lile koti. Tangu wafahamiane hakuwahi kumsemesha Anastazia bila kuanza na shikamoo.

"Toka kaburini kwa baba yangu, mateka wewe," akasema.

Anastazia alitaka kumjibu. Majibu yalikuwepo, mazuri, ya tangu enzi za mababu, lakini aliyaacha. Alinyoosha mkono tu. Bryson akaushika, akajiweka sawa, akamvuta juu polepole kwa sababu ya yale magoti. Akampangusa udongo mgongoni, akamvisha koti mbele ya watu wote.

Likambana mabegani.